Modeli si Mfano: Juu ya Istilahi za Sayansi ya Ukokotozi

Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Arusha, ina shule kuu inayoshughulikia sayansi na uhandisi wa ukokotozi na mawasiliano. Tumeona mara kwa mara wafasiri wakiandika "sayansi ya kompyuta" mahali panapostahili "sayansi ya ukokotozi". Ya kwanza huchunguza mashine na programu zake. Ya pili hutumia hesabu, kwa msaada wa mashine hiyo, kuchunguza mto, maradhi au hali ya hewa. Kwa sababu hiyo huwakutanisha wanahisabati, wahandisi na mabwana shamba.

Kosa hilo ni dogo likilinganishwa na la neno "mfano". Katika ukokotozi huundwa kitu cha hesabu kinachofuata mwenendo wa kitu halisi: ukibadilisha kiasi cha mvua, nacho hubadilika. Wengine hukiita mfano, wengine kielelezo, wengine kiigizo. Maneno hayo ni mazuri, ila yanaelekea upande mwingine. Mfano hufafanua hoja. Kielelezo huambatishwa kwenye maandishi. Kiigizo chema ni mtu wa kufuatwa. Hapa, kitu hicho ndicho kinachoufuata mto.

Tuchukue Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kabla haujafika bwawa la Mtera. Mapema miaka ya 2000, mradi uliokishirikisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ulitengeneza programu ya kusaidia maamuzi juu ya mgawanyo wa maji ya mto huo. Maamuzi ya namna hiyo humgusa mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, anayemwagilia chini ya Mtera. Akisomewa kwamba "mfano unaonyesha maji yatapungua", ana haki ya kujibu kwamba huo ni mfano tu, akaendelea kupanda eneo lile lile.

Wala asidhaniwe kwamba wazo lenyewe limemzidi. Katika miaka hiyo hiyo mtafiti Bruce Lankford alitumia pamoja na wakulima wa Usangu, mkoani Mbeya, ubao uliochongwa mfano wa bonde la mto: gololi zilikuwa maji, na vijiti vilikuwa mabanio. Wa juu wakikinga nyingi, wa chini hukosa. Hiyo ni modeli kamili, bila kompyuta. Nasi katika sentensi hiyo tumeandika "mfano wa" kwa maana ya umbo tu, na hapo neno limekaa mahali pake.

Kwa hiyo tunapendekeza "ukokotozi" kwa kazi yenyewe, "modeli" kwa kitu kilichoundwa, na "uigaji" kwa kitendo cha kuiendesha. Aidha, modeli hukadiria, haithibitishi. Afisa anayepeleka taarifa kijijini aandike "modeli inakadiria", kisha ataje takwimu za miaka ipi zilizotumika, ili mkulima ajue la kuuliza.