Sifa za Hesabu za Chini ya Sifuri

Katika fani zote wanazofunzwa watoto waliofikia umri wa miaka 12 na 13, umri ambao mtu si mtoto wa kubembelezwa wala hajawa mtu mzima wa kutegemewa, sioni fani iliyokosa wenye kuisifu kuliko hii ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya namba kamili, zilizo juu ya sifuri na zilizo chini yake, na kisha kuzitumia namba hizo katika kufumbua mafumbo ya hesabu. Jometri ilipata wapenzi wake tangu enzi za Wayunani, na aljebra ina jina la Kiarabu lililoipa heshima kote duniani. Ama hesabu hizi za katikati, ambazo mwanafunzi huzifanya ukurasa baada ya ukurasa mpaka kidole chake kikaota sugu, aghalabu hutajwa kwa kunung'unikiwa. Mimi naziona kuwa ni ufundi kamili, wenye adabu yake na uzuri wake, na ushahidi wangu nautoa katika miji mitatu ya Marekani ambamo Kiswahili sasa kinasikika sokoni, kanisani, msikitini na ndani ya mabasi ya shule: Louisville, Columbus na Buffalo.

Louisville imekaa kando ya mto Ohio, katika jimbo la Kentucky. Columbus ni makao makuu ya jimbo la Ohio. Na Buffalo iko kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie, katika jimbo la New York. Humo wamehamia Wakongo wa Kivu, wengine wao baada ya miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, wamehamia Warundi, na wamehamia Wabantu wa Somalia, walioanza kupokewa Marekani mwaka 2003 wakitokea Dadaab na Kakuma. Watoto wao huingia shule kama Newcomer Academy ya Louisville, Columbus Global Academy, na International School 45 ya Buffalo. Kwa mujibu wa mitaala ya majimbo hayo, namba hasi huletwa mbele ya mtoto katika darasa la 6, na mwaka unaofuata hutakiwa azimudu kwa vitendo vyote vinne. Husemwa kwamba hesabu hazihitaji lugha, na kwamba mtoto mgeni akishindwa na masomo mengine yote atapata faraja humo. Kauli hiyo ni kweli mpaka siku ya fumbo la kwanza. Siku hiyo mtoto aliyesoma Nyarugusu kwa mtaala wa Kongo na Kifaransa chake hukuta kuwa namba anazozijua zimefichwa ndani ya sentensi asizozijua, na ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Tutangulie na baridi, kwa kuwa katika nchi hizo baridi ndiyo mwalimu wa kwanza wa namba hasi. Tarehe 19 Januari 1994 kipimajoto kilishuka mjini Louisville hadi nyuzi 22 chini ya sifuri kwa kipimo cha Fahrenheit, na siku iyo hiyo kikashuka kiasi kicho hicho mjini Columbus, na katika kumbukumbu za miji yote miwili haijapata kuandikwa baridi iliyoipita hiyo. Buffalo, iliyoshinda wenzake kwa sifa ya theluji, rekodi yake ni −20, ya mwaka 1934, maana ziwa lililo ubavuni mwake huhifadhi joto na kuyapunguza makali ya upepo. Mwulize mtoto, kati ya −20 na −22, ipi kubwa. Akikujibu upesi kwamba ni −22, kwa sababu 22 yaipita 20, umekwisha kujua pa kuanzia. Lakini akinyamaza kidogo, akachora mstari, akaweka sifuri katikati, akahesabu kwenda kushoto, kisha akasema kwamba Buffalo ndiyo yenye namba kubwa na Louisville ndiyo yenye baridi kubwa, basi amefahamu jambo ambalo macho peke yake hayalioni.

Sasa mama yake, aliyekulia Bukavu, hana habari na Fahrenheit. Yeye ataka kujua ni nyuzi ngapi za sentigredi. Kanuni ni nyepesi: toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Mtoto anaandika −22 − 32, na kwa kuwa amezoea kwamba 22 na 32 hutofautiana kwa 10, mkono wake unataka kuandika −10. Hapo mwalimu mwema hamwambii kuwa amekosea. Humwuliza tu: aliyekwisha kuwa chini ya sifuri kwa ngazi 22, akiambiwa ashuke ngazi 32 nyingine, itakuwaje ajikute amepanda? Basi inafutwa −10, inaandikwa −54. Mara 5 ni −270. Gawanya kwa 9, ni −30, bila ya baki. Nimeona nyuso nyingi zikikunjuka kwa jibu lililotua sawasawa namna hiyo, na siamini kwamba furaha ile ni ndogo kuliko ya fundi seremala anapoona kiungo cha mlango kimeingia mahali pake bila kupigwa nyundo.

Mwenye kutatizwa na namba hizi asidhani kuwa ana upungufu wa akili, kwa maana wakubwa wa elimu walitatizwa nazo kabla yake. Kule China, Liu Hui, katika sherehe aliyoiandika mwaka 263, alieleza vijiti vya kuhesabia vya rangi mbili, vyekundu kwa namba chanya na vyeusi kwa namba hasi; na mwaka 628 Brahmagupta wa Bara Hindi aliandika kanuni zake kwa mfano wa mali na deni, akasema kwamba deni likitolewa katika sifuri huwa mali, na kwamba zao la madeni mawili ni mali. Walakini al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, yeye ambaye kitabu chake ndicho kilichoipa aljebra jina, hakuziingiza namba hasi katika milinganyo yake, bali aliigawa milinganyo hiyo aina 6 ili kila upande ubaki na namba chanya tupu. Na hata mwaka 1758, nchini Uingereza, Francis Maseres alichapisha kitabu kizima cha kuzipinga. Fikiri basi binti wa Columbus anayetakiwa kuyamaliza hayo yote kati ya Septemba na Krismasi, na umpe taadhima yake.

Sehemu kubwa ya kitabu hicho cha al-Khwarizmi ni ya wasia na mirathi, na hayo ni mafumbo ya hesabu kwa kila hali: fulani amefariki, ameacha mke, mama na watoto, mke apewe thumuni, mama apewe sudusi, na kadhalika. Masheikh wa Lamu na Unguja walioisoma ilimu ya faraidhi walijua kwamba katika hesabu hizo haifai kugawa kitu chochote kabla ya kulipa madeni ya marehemu, na kwamba anayegawa kwanza na kulipa baadaye amedhulumu. Utaratibu wa vitendo, kwao, ulikuwa ni jambo la haki.

Waliosoma Tanzania wanalikumbuka neno MAGAZIJUTO, lililoundwa kwa silabi za mwanzo za mabano, gawanya, zidisha, jumlisha na toa. Na watoto wa Marekani wana lao, PEMDAS, lenye kazi iyo hiyo. Nayapenda maneno hayo, lakini yote mawili yana mtego mmoja. Weka ubaoni 10 − 4 + 3. Mwenye kulishika neno pasipo kushika maana hujumlisha kwanza 4 na 3, akatoa 7 katika 10, akapata 3. Ilhali jibu ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina daraja moja na hufanywa kwa kufuatana kutoka kushoto. Aliyezizoea namba kamili haingii mtegoni, maana yeye haoni tena jambo la kutoa: aona 10, na −4, na 3, tatu zinazojumlishwa, kila moja na alama yake, na azipange atakavyo jibu halimgeuki.

Katika madarasa ya huko hutumika visahani vidogo vya plastiki, upande mmoja wa manjano na wa pili mwekundu. Cha manjano ni moja chanya, chekundu ni moja hasi, na kimoja kikikutana na mwenzake huwa sifuri, huondolewa mezani. Kwa visahani hivyo mtoto hujumlisha vizuri sana, na ni wajibu kumwacha navyo siku nyingi kuliko anavyotaka mwalimu mwenye haraka. Lakini katika hasi mara hasi visahani vinachoka, na hapo napendelea safu ya namba. Mara 3 ya −2 ni −6. Mara 2 ni −4. Mara 1 ni −2. Mara 0 ni 0. Kila hatua jibu limepanda kwa 2. Je, hatua inayofuata, ya mara −1? Mtoto aliyeiandika safu ile kwa mkono wake atasema 2 kabla ya kuulizwa mara ya pili, na hatakuwa ameipokea kanuni kwa kuambiwa.

Ama mafumbo, adui yake mkubwa ni ile desturi ya kuwinda maneno, ya kumfundisha mtoto kwamba akiona “zaidi” ajumlishe na akiona “pungufu” atoe. Juma ana shilingi 12, ambazo ni 5 zaidi ya alizo nazo Asha. Asha ana ngapi? Mwindaji atajibu 17, na Asha atakuwa ametajirika kwa dhuluma. Desturi hiyo huwavuta zaidi watoto wageni, kwa kuwa wanaisoma lugha kwa vipande, na kipande kimoja kinachofahamika huonekana kama wokovu. Dawa yake ni kulisoma fumbo mara mbili kabla ya kugusa kalamu, kulisimulia upya kwa maneno ya nyumbani, Kiswahili kikiwa ndicho kinachofahamika, na kuuliza mwenye nyingi ni nani. Hili mzazi yeyote aweza kulifanya, hata anayerudi alfajiri kutoka kwenye maghala ya mizigo ya uwanja wa ndege wa Louisville na asiyejua Kiingereza cha kitabuni.

Nami ningependa mtoto wa Uvira aliyeko Buffalo apewe fumbo la maziwa mawili. Uso wa Ziwa Erie uko yapata mita 174 juu ya usawa wa bahari, na mahali penye kina kirefu kabisa pana mita 64 hivi. Sakafu yake iko wapi? Ni 174 + (−64), yaani 110, bado juu ya bahari. Uso wa Ziwa Tanganyika uko yapata mita 773, na kina chake kirefu ni mita 1,470 hivi. Basi 773 + (−1,470) ni −697, na ziwa lililo mbali na bahari kiasi kile, kumbe sakafu yake imeteremka mbali chini ya bahari yenyewe. Sasa sakafu moja iko juu ya nyingine kwa mita ngapi? Huandikwa 110 − (−697), ndizo alama mbili zile ambazo wanafunzi huzikariri bila kujua zinatoka wapi. Baba aliyevua katika ziwa lile anaweza kuketi na mwanawe na kuiuliza hesabu hiyo kwa Kiswahili kitupu: ukitoka chini kabisa kwetu, utapanda mita 697 ndipo ufike kwenye sifuri, kisha 110 ndipo ufike kwenye sakafu ya ziwa la hapa, na mtoto ataandika mwenyewe 110 + 697, na chini yake 807.