Ushindi Uliohesabiwa Kabla ya Kura

Msomaji kijana, chukua ramani ya Kenya uitazame pembe ya kaskazini-magharibi. Ufukoni mwa Ziwa Turkana, karibu na mpaka wa Ethiopia, utaona Todonyang. Kutoka huko mpaka Lodwar ni mwendo mrefu, na kutoka Lodwar mpaka Nairobi ni mrefu zaidi. Weka kidole chako hapo, maana tutapakumbuka tukichunguza swali hili: kwa nini wapinzani walishindwa katika uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1992, hali wengi walitazamia kwamba watashinda?

Matumaini yao hayakuwa ya bure. Mwezi wa Agosti 1991 wazee sita, Jaramogi Oginga Odinga akiwa mmoja wao, walianzisha FORD. Desemba mwaka ule ule sheria iliyoruhusu KANU peke yake ilifutwa. Watu walikuwa wamechoka, na mikutano ya FORD jijini Nairobi ilifurika.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Viongozi waliiona nyumba kana kwamba imekwisha jengwa, wakaanza kugombea vyumba. Odinga na wenziwe walikuwa Agip House, Kenneth Matiba na wake Muthithi House. Wakabishana: je, mgombea achaguliwe na wajumbe au na wanachama wote? Kabla ya mwaka 1992 kwisha, FORD ilikuwa imepasuka kuwa FORD-Kenya na FORD-Asili. Mwai Kibaki naye alikuwa na chama chake, Democratic Party.

Kura zilipohesabiwa, Rais Moi alipata yapata 36 katika kila mia, Matiba 26, Kibaki 19, na Odinga 17. Wengi walimkataa Moi, naye akabaki Ikulu. Bungeni KANU ilipata viti 100 kati ya 188.

Wako wasemao kwamba sababu ni hila tupu. Tusiwapuuze. Redio ilikuwa mikononi mwa serikali. Mapigano katika Bonde la Ufa yaliwafukuza watu makwao. Na wagombea kadhaa wa upinzani walizuiwa kupeleka karatasi zao, wale wa KANU wakapita bila kupingwa. Hayo yalikuwa maovu. Lakini si hila hizo zilizowapa wapinzani wagombea watatu wa urais. Hilo walilitenda wenyewe.

Wako pia wajumlishao kura za hao watatu na kusema, "Wangaliungana, wangalishinda." Yaelekea ni kweli, lakini kura si mahindi ya kumiminwa katika gunia moja. Nani awezaye kuapa kwamba kila mfuasi wa Matiba angalimfuata Odinga?

Sasa turudi Todonyang. Mfugaji wa huko huuliza: nani atailinda mifugo yangu na wavamizi? Nani ataleta chakula mvua ikikosa kunyesha? Kwa mtu kama huyo, serikali ni chifu amjuaye na gunia la posho alionalo kwa macho. Hotuba za Nairobi ni habari za mbali. Tena sheria ilimtaka mshindi apate robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Moi peke yake alifikia kiasi hicho, na mkoa wa Bonde la Ufa, ambao Turkana ilikuwa ndani yake, ulimpa yapata theluthi mbili ya kura zake. Kelele za umati mmoja si sauti ya nchi nzima.

Basi naona kosa lao kubwa ni hili: walidhani kwamba watu wakimchoka mtawala, wamekwisha kumkubali mpinzani. Hayo ni mambo mawili. Mwaka 1997 waligawanyika tena, na Moi akashinda kwa kura 40 hivi katika kila mia. Mwaka 2002, Moi alipokuwa anaondoka, walikubaliana kumsimamisha Kibaki peke yake chini ya NARC, naye akapata 62.

Siku moja wewe nawe utaomba kura, pengine ya kuwa kiranja tu wa bweni lako. Usihesabu makofi ya wakaao karibu nawe. Ondoa kidole chako kwenye ramani sasa, lakini ukumbuke mahali kilipokuwa.