Kasi ya dakika moja, kazi ya usiku mzima

Kati yetu swali hili linarudi kila mara: "Kaka, ninunue diski gani ya montaji?" Mbele hata hujajibu, mwenzako ameshatuma video ya mtu fulani wa Ulaya ao wa Marekani anayefungua kartoni. Video hizo nimezitazama nyingi, mara nyingi usiku, wakati umeme umerudi. Leo nataka kuzikosoa. Sisemi kwamba zinadanganya. Shida yake ni kwamba zinapima kitu ambacho sisi hatufanyi, kisha sisi tunatoa dola zetu kwa kufuata kipimo hicho.

Angalia vile zinatengenezwa. Kisu kinapita kwenye kartoni, diski inatoka, ndogo na nzuri, muziki unapanda. Inachomekwa, programu inafunguliwa, mshale unaruka mpaka 2,000, ni kusema megabaiti 2,000 kwa sekunde. Mwenye video anatabasamu. "Nunueni." Kipimo chenyewe hakikufika dakika moja.

Sasa tujiulize programu ile ilipima nini. Blackmagic Disk Speed Test, ambayo watu wa montaji wanaipenda sana, inaandika faili ya gigabaiti 1 mpaka 5. CrystalDiskMark, usipobadilisha kitu, inapima na gigabaiti 1. Lakini ndani ya SSD nyingi kuna sehemu ya mbele inayopokea data mbio, halafu polepole inaipeleka mahali pake pa kukaa. Fikiria depo ya mama mwenye kuuza unga. Mifuko mitano ikifika, inapokelewa mlangoni kwa dakika mbili. Leta lori nzima: mlango unajaa, na kila mfuko unangoja ule wa mbele yake ubebwe mpaka ndani. Video ile ilipima mlango. Depo haikuigusa.

Na si siri. Samsung yenyewe, katika maelezo ya diski yake 870 QVO ya terabaiti 1, inaandika kwamba kasi ya kuandika ni megabaiti 530 kwa sekunde, na kwamba sehemu ile ya mbele ikijaa, kasi inashuka mpaka 80. Themanini! Diski ngumu ya kawaida, ile yenye sahani inayozunguka, mara nyingi inafika 100 na zaidi. Kampuni imeandika. Sisi, na wale wanaotushauri, ndio hatukusoma.

Tuchukue kazi yetu ya kila Jumamosi: harusi. Kamera inarekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde. Megabiti si megabaiti: gawanya kwa 8, unapata megabaiti 12.5. Saa moja ni gigabaiti 45. Kamera mbili, saa tatu kila moja, ni gigabaiti 270. Kwanza unatoa data kwenye kadi. Kadi ya SD yenye alama ya UHS-I, kwa kisomaji cha kawaida, haipiti megabaiti 104 kwa sekunde, na mara nyingi iko chini ya hapo. Kwa hiyo utangoja zaidi ya dakika 40, na diski yako ya 2,000 itangoja pamoja na wewe, sawasawa na diski ya bei ndogo.

Halafu montaji yenyewe. Kamera zile mbili zikicheza pamoja zinaomba megabaiti 25 kwa sekunde. SSD ya SATA, ambayo leo watu wanaicheka, inatoa karibu 550. Basi juu ya nini video inakwamakwama? Mara nyingi ni prosesa ya mashini inayochoka kufungua picha za H.265, kwa sababu zimebanwa sana. Diski mpya haiponyi ugonjwa huo. Dawa yake ni proksi: nakala nyepesi za video unazofanyia kazi, kisha mwisho programu inarudi kwenye zile za kweli. DaVinci Resolve inazitengeneza, hata ile ya bure. Namjua kijana aliyeuza simu yake nzuri ili anunue diski ya mbio, na video ikaendelea kukwama palepale. Alikuwa ametibu mguu wakati kichwa ndicho kilichouma.

Niwe wa haki: ziko kazi zinazoomba kasi kweli. ProRes 422 ya 4K, picha 25 kwa sekunde, inaomba megabiti 492, ni kusema karibu megabaiti 61 kwa kamera moja. Kamera tatu pamoja zinapita 180. Hapo diski ya kuzunguka inashindwa kabisa. Lakini hata hapo, SSD ya 550 bado iko na nafasi karibu mara tatu. Anayefanya filamu kwa RAW, ao anayechanganya kamera nyingi, huyo atafute NVMe na atakuwa na sababu. Wengi wetu bado hatujafika huko.

Na tuseme umenunua ile ya 2,000. Mashini yako itaipokea? Kasi hiyo inaomba mlango wa USB wa gigabiti 20, na mashini nyingi hazina mlango huo. Ukiwa na wa gigabiti 10, utapata karibu 1,000. Wa gigabiti 5, kitu kama 450. USB 2.0, karibu 40. Na waya pia: ule wa kuchajia simu, hata ukiwa na kichwa cha USB-C, mara nyingi ndani yake ni USB 2.0 tu. Sisi wengi tuko na mashini za okazio. Jua kwanza mlango wa mashini yako, ndipo uende dukani.

Lakini lawama yangu kubwa haiko kwenye kasi. Ni kwamba, katika video zile, sijaona mtu anayerudi kisha miezi sita kutuambia kama diski ile bado inapumua.

Mimi nilijifunza kwa njia mbaya. Ilikuwa harusi hapa Goma, ya familia ninayoijua. Nilihamisha kila kitu kwenye SSD ya nje, mpya, ya mbio. Usiku ule ule nikafuta kadi, kwa sababu kesho yake asubuhi nilikuwa na kazi nyingine. Siku ya nne nikachomeka diski, mashini haikuiona. Nikabadilisha waya, nikabadilisha mlango, nikaazima mashini ya jirani. Hakuna. Muuzaji alikuwa mtu wa haki, aliheshimu garanti akanipa diski mpya. Mpya, na tupu. Mama ya bibi harusi aliponipigia simu hakugombana. Aliuliza tu: "Mwanangu, na ile sauti ya mzee akibariki watoto, haiko hata kidogo?" Wakati huo mzee alikuwa ameshalazwa hospitali. Nilinyamaza, maana garanti haina jibu la swali kama hilo.

Mtasema nilinunua marke mbaya. Si hivyo tu. Mwaka 2023 baadhi ya diski za SanDisk Extreme Pro, zilizokuwa zinasifiwa sana katika video za namna hii, zilianza kupotezea watu data. Western Digital, iliyokuwa mwenye SanDisk, ilitoa programu ya ndani ya kurekebisha baadhi yake, na mashtaka yakafunguliwa Marekani. Jina kubwa linapunguza hatari, lakini haliiondoi.

Upande mwingine kuna zile za bei ya ajabu. Terabaiti 16 kwa pesa ya chakula cha watu wawili! Ukiifungua unakuta kadi ndogo ya simu imefichwa ndani, na imefundishwa kudanganya mashini kuhusu ukubwa wake. Gigabaiti za kwanza zinaingia vizuri. Kisha nafasi ya kweli ikiisha, diski inaendelea kusema "sawa, sawa" huku data inapotea. Dawa iko, na ni ya bure: H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux na Mac. Programu hizi zinajaza diski yote kisha zinaisoma yote tena. Inaweza kuchukua usiku mzima. Hicho ndicho kipimo ninachokiheshimu, kwa sababu kinafanana na kazi yetu: kinaonyesha kama nafasi ni ya kweli, na kinaonyesha kasi inabaki ngapi wakati mlango umejaa.

Tusisahau umeme. Diski nyingi za nje zinauzwa zikiwa na mpangilio wa exFAT, kwa sababu Windows na Mac zote zinausoma. Lakini exFAT haiandiki kumbukumbu ya kazi iliyokuwa inaendelea, kwa hiyo umeme ukikatika ao waya ukichomolewa katikati ya kunakili, ni rahisi orodha ya faili kuharibika. NTFS kwa mwenye Windows, ao APFS kwa mwenye Mac, inavumilia zaidi. Fanya kunakili kwenye mashini yenye betri nzuri, na usichomoe mbele mashini haijakuruhusu. Na ile diski ya kuzunguka, usiibebe kwenye pikipiki ikiwa bado moto na inazunguka, kwa mawe yetu haya ya volkano.

Wanaokumbuka Mei 2021 wataelewa jambo la mwisho. Nyiragongo ililipuka tarehe 22, na tarehe 27 amri ikatoka kwamba sehemu kubwa ya mji ihame. Watu walienda Sake, walienda Bukavu kwa boti, walivuka mpaka kwenda Rwanda, kila mtu na kile mkono ulikamata. Mwenye nakala mbili ndani ya meza moja siku ile alikuwa na nakala moja. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliieneza kanuni ambayo sasa inajulikana dunia nzima: nakala tatu, vyombo vya aina mbili, moja ikae mahali pengine. Aliiandikia wapiga picha wa kwao. Lakini ukiisoma ukiwa Goma, unaona inatuhusu kuliko wengi.

Basi tununue nini? Kwa kazi ya kila siku, SSD ya kawaida ya terabaiti 1, ya marke inayojulikana, iliyopimwa usiku mzima. Kwa kutunza, diski mbili za kuzunguka, polepole na za bei ndogo, moja ikilala kwako na moja kwa dada ao rafiki wa mtaa mwingine. SSD si chombo cha kuacha kabatini miaka bila umeme. Na kadi usiifute mpaka nakala mbili zifunguke na uzitazame kwa macho yako, mwanzo, katikati na mwisho. Piga hesabu dukani: pesa unayotaka kuongeza ili utoke 550 ufike 2,000, inakupa nini cha kutunza?

Kwa wale wanaotengeneza video za kutushauri, hasa wenzetu wa hapa wanaoanza kuiga zile za nje, ninaomba mambo matatu. Jazeni diski nusu yake, kisha mtuonyeshe mshale. Mtuambie mlango na waya mliotumia. Na mrudi kisha mwaka mmoja. Itakuwa video isiyo na muziki mkubwa, na pengine watazamaji watakuwa wachache. Mimi nitakuwa mmoja wao.

Yule mzee alipona, Mungu asifiwe. Nilirudi kwao na kamera, akabariki watoto mara ya pili, akiwa ameketi kwenye kiti sebuleni. Alicheka akisema mara ya kwanza alisema maneno mazuri zaidi. Baraka hiyo ya pili iko na nakala tatu.