Thumuni ya Mjane: Fasihi ya Haki Ikisomwa kutoka Tukuyu

Wilaya ya Rungwe, ambayo makao yake ni mji wa Tukuyu, ina kata iitwayo Bagamoyo na nyingine iitwayo Msasani. Msomaji wa pwani akiyakuta majina hayo katika nchi ya migomba, chai na ukungu, chini ya mlima unaokaribia mita 3,000, huenda akadhani anataniwa. Lakini majina ya pwani hayapandi mlima peke yake. Hupandishwa na watu. Wajerumani walipojenga boma lao hapo na kuliita Neu-Langenburg, boma hilo, kama mengine yote ya zama zile, lilivuta askari, wapagazi na wachuuzi, na aghalabu Kiswahili na Uislamu vilikuwa katika msafara huo. Walikuta mlango umekwisha kufunguliwa na wengine: Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Berlin mwaka huohuo, kwa Biblia, shule na dawa. Tangu hapo Waislamu wa Rungwe wamekuwa wachache. Ni wachache kiasi gani, hapana awezaye kusema kwa takwimu rasmi za karibuni, kwani mara ya mwisho sensa ya Tanzania kumuuliza mtu dini yake ilikuwa mwaka 1967.

Uchache huo ni jambo la uhakiki wa fasihi, wala si la sosholojia peke yake. Tanzania imekwisha kupata fasihi nzima ya madai ya Waislamu, yenye vitabu, risala, hotuba za kanda na maelfu ya beti za magazetini. Karibu yote imetungwa na watu waliokaa mahali ambapo Waislamu ni wengi, au walipokuwa na nguvu ya mji. Nguzo yake ni kitabu cha Mohamed Said juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes, kilichotoka London mwaka 1998 na kufuatiwa na tafsiri ya Kiswahili mwaka 2002. Nguzo ya pili ni kitabu cha Hamza Njozi juu ya mauaji ya Mwembechai, pale risasi za polisi zilipoua watu Dar es Salaam mwezi Februari 1998. Kilitoka mwaka 2000 na serikali ikakipiga marufuku. Vyote viwili vilizaliwa kwa Kiingereza. Mfasiri yeyote atalishangaa hilo: shauri la watu wanaodai kwa Kiswahili liliandikwa kwanza kwa lugha ambayo wengi wa wadai hawaisomi. Mzee wa Tukuyu aliyetaka kujua ametetewaje ilimbidi angoje.

Hapana haja ya kuupunguza uzito wa vitabu hivyo. Kile cha Sykes kimewarudisha mezani watu ambao historia rasmi ya TANU iliwaacha mlangoni: Kleist Sykes na African Association ya mwaka 1929, Al Jamiatul Islamiyya, Sheikh Suleiman Takadir aliyefukuzwa chamani mwaka 1958, Sheikh Hassan bin Ameir aliyerejeshwa Zanzibar kwa nguvu mwaka 1968, mwaka uleule East African Muslim Welfare Society ilipopigwa marufuku na BAKWATA ikaundwa. Mohamed Said anaandika kama mtu anayepita nyumba kwa nyumba akibisha hodi, na huo ndio uzuri wake. Kila mtaa wa Kariakoo una jina, na kila jina lina baba na babu. Hata hivyo kitabu kikitoka Dar es Salaam hukaa kwa raha zaidi Tanga, Lindi, Dodoma na Tabora, yaani njia za jahazi na za reli. Hoja yake ni hoja ya wenye nyumba waliosahauliwa ndani ya nyumba yao. Mwislamu wa Rungwe hawezi kuisema hoja hiyo kwa sauti ileile. Yeye si mwenye nyumba aliyesahauliwa. Ni jirani.

Na ujirani huo una kumbukumbu chungu ambayo mtunzi wa pwani hupenda kuiruka. Ng'ambo ya mto Songwe, Karonga, ndiko Mlozi alikoendesha biashara ya watumwa na pembe hadi Waingereza walipomnyonga mwaka 1895. Na Wangonde alioshambulia mwaka 1887 ni ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na mila. Mwislamu wa Tukuyu wa leo hana deni la Mlozi, lakini anaishi mahali ambapo neno «Mwarabu» lina historia yake. Abdulrazak Gurnah katika Paradise (1994), iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi mwaka 2022, hakuuficha uso wa msafara ule: wafanyabiashara wake wa pwani huwatazama watu wa bara kwa dharau, na msomaji hulazimika kuiona dharau hiyo ikitoka katika vinywa vinavyomtaja Mungu. Fasihi ya madai haijathubutu bado kufanya hivyo. Haki, katika asili yake ya Kiarabu, ni kweli na ni kile anachostahiki mtu, vyote kwa pamoja. Adaiye kimoja na kukiacha kingine amechukua nusu ya neno.

Hapa yafaa kusemwa kitu juu ya beti za magazetini, maana ndizo zisomwazo zaidi. Mtunzi anayechagua «haki» kuwa neno la kina huwa amekwisha jifunga. Vina vya «-aki» ni vichache, na kilicho karibu zaidi na mkono ni «hatutaki», kisha «hawataki», kisha «dhihaka» iliyopindwa hadi ikawa «dhihaki». Kabla ya ubeti wa tatu shairi limegeuka mkutano wa hadhara. «Dhuluma» nayo huvuta «tuhuma», «nyuma» na «huruma», na kwa kuwa imetumika kila wiki kwa miaka mingi, imechakaa kama sarafu iliyopita mikono mingi hata sura yake haionekani. Si kwamba watunzi hawana uchungu. Uchungu wao ni wa kweli, ila wameupangisha katika nyumba ya maneno ambayo kila mtu amekwisha lala ndani yake.

Sasa ichukuliwe hali ya kubuni, lakini ya kawaida kabisa. Mnyakyusa Mwislamu anafariki Tukuyu. Anaacha mke, wana watatu wa kiume na binti mmoja, na shamba la migomba na chai. Nani atarithi? Kwa mila iliyoelezwa na Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, mali ya marehemu huelekea kwanza kwa ndugu yake wa tumbo moja, na wajane nao hurithiwa. Kwa sura ya An-Nisaa, mjane mwenye watoto ana thumuni, na mtoto wa kiume ana mafungu mawili ya mtoto wa kike. Lipigwe hesabu: mjane fungu moja, binti fungu moja, kila mwana mafungu mawili. Jumla nane, bila baki. Ndugu wa marehemu hana kitu.

Shauri hilo likifika mahakamani, halifiki kwa kadhi. Mahakama za makadhi za Tanganyika ziliondolewa na sheria ya mwaka 1963, na tangu hapo hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, awe wa dini gani, ndiye mwenye uwezo wa kutumia sheria ya mila au ya Kiislamu. Lakini atumie ipi? Mahakama Kuu imeweka tangu miaka ya 1960 kipimo cha maisha ya marehemu: je, kwa maneno, vitendo na mwenendo wake alitaka mirathi yake igawanywe kwa dini au kwa mila? Kwa Mwislamu wa Unguja au Tanga swali hilo ni jepesi. Kwa Mwislamu wa Rungwe ni swali la maisha yote. Je, mtu aliyesali Ijumaa na akahudhuria matanga ya ukoo kwa desturi za ukoo aliishi maisha gani? Jina lake Kiislamu, jina la baba yake Mwa-fulani. Mbele ya hakimu, shahidi mmoja atasimulia kanzu na mwingine atasimulia ngoma ya msiba, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Hapo ndipo imani, haki na uraia vinapokutana katika eneo la ekari chache, na hapo ndipo fasihi ya madai ilipo kimya. Inahesabu mawaziri, wakuu wa mikoa na nafasi za vyuo vikuu, hesabu zenye maana yake, haijahesabu thumuni. Inaidai mahakama ya kadhi, iliyotajwa katika ilani ya CCM ya mwaka 2005 na kukwama bungeni mwaka 2015, lakini ubeti unaouliza kadhi huyo atakaa wapi, na mjane wa Tukuyu atapanda gari gani kumfikia, ni adimu. Wala hauulizi swali gumu zaidi: kwamba katika jamaa ndogo, kadhi atakuwa mkwe wa mmoja wa wadai na mwanafunzi wa babu wa mwingine. Tena kuna jirani Mkristo. Mirathi yake ikitazamwa kwa sheria ile ya zamani ya kurithi iliyotoka India, mjane wake ana theluthi. Mwanamke aliyepewa thumuni ataona mwenzake amepewa theluthi, ng'ambo ya mfereji mmoja. Wapo watakaosema hekima ya thumuni imo katika kaka na baba wanaowajibika kumlisha. Wapo watakaosema kaka hao walikwisha kwenda Mbeya na Dar es Salaam zamani. Shairi litakaloyabeba yote mawili litakuwa shairi kweli.

Wengine watajibu kwamba tenzi si daftari la mahakama. Jibu limo katika urithi wenyewe. Siti binti Saad alipouimba wimbo wa Kijiti, hakuimba juu ya dhuluma ya dola kwa jumla. Aliimba juu ya mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja, muuaji aliyetoroka, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi wakarudi na adhabu wao. Wimbo umeishi kwa kuwa kesi ni moja. Shaaban Robert naye katika Kusadikika (1951) hakuandika risala. Alimweka Karama kizimbani na kumpa siku sita za kusimulia, na kosa lake halikuwa kubwa kuliko kutaka watu wafundishwe sheria. Shaaban alikuwa Mwislamu kila asubuhi, na mahakama aliyoijenga haina msikiti wala kanisa. Watunzi wa madai wamemsifu bila kumwiga. Na hata kifundi, neno «thumuni» lina ukarimu ambao «haki» haina: huleta «kanuni», «huzuni», «auni». Mstari wa utenzi wenyewe una mizani nane. Thumuni yake ni silabi moja, na kila mtunzi anajua mstari unavyochechemea ikipungua hiyo moja.

Mfano mwingine ni ule Mkataba wa Maelewano uliotiwa saini mwaka 1992 baina ya serikali na makanisa juu ya shule na hospitali. Kwa mwandishi wa Dar es Salaam huo ni ushahidi wa upendeleo, na hoja yake ina mashiko: dola isiyo na dini imefunga ahadi na dini moja. Lakini wilayani Rungwe kuna hospitali ya Wakatoliki Igogwe, na ya Walutheri Itete upande wa Busokelo. Wodi ya wazazi haiulizi shahada. Mwanamke wa Kiislamu ajifunguaye hapo ni mnufaika na ni mlalamikaji kwa mkupuo mmoja, na hakuna beti za kutosha zilizompa nafasi ya kuwa vyote viwili. Vivyo hivyo katika kuchinja. Desturi ya Watanzania wengi ya kumwachia Mwislamu kisu ili wote wale ilikuwa adabu, si sheria. Ilipogeuzwa kuwa hoja ya haki mwaka 2013, damu ilimwagika Geita, na ghasia zikazuka Tunduma, si mbali sana na Rungwe. Wachache ndio wanaojua kwanza adabu inapokatika, kwa kuwa wao ndio wanaoishi kwayo.

Wanyakyusa wana neno ukwangala, raha ya kukaa na kuzungumza na wenzako, ambalo Monica Wilson alilijengea kitabu kizima, Good Company (1951), juu ya vijiji vya marika. Vitabu vyake vinazungumza kwa mapana juu ya wafuasi wa mila na Wakristo. Waislamu wanapita pembeni. Kwa hiyo wameachwa na pande mbili: mwanaanthropolojia aliwaona wageni mno, na mtunzi wa pwani anawaona wa bara mno, waliosilimu jana, ambao huulizwa chuo walichosoma kabla ya kuulizwa wanachotaka. Yule anayetunga Tukuyu kwa Kiswahili naye hujibu kwa kuiga: huweka bahari katika shairi, na jahazi, na ufuo, na asumini, hali dirishani mwake kuna mgomba na mvua ya mwezi wa nne. Maudhui yake ni haki na mandhari yake ni ya kuazima. Mhariri wa visiwani akipokea shairi kama hilo hulipokea kwa furaha, kwa kuwa linafanana na yale aliyonayo. Afadhali angelirudisha, pamoja na ombi la kuletewa lile la shamba, lenye jina la mfereji, idadi ya migomba, na fungu la kila mtu.