Bepari, Mchuuzi na Mama wa Ndizi

Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alitupatia Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare. Nimeifundisha miaka mingi chuoni, huku Rungwe, na jina lake hunikera hadi leo. Kwa Shakespeare mfanyabiashara wa kwenye jalada ni mmoja, Antonio, mwenye shehena baharini na mwenye kukopesha bila riba. Mwalimu kawafanya wengi, akamtia na Shylock mla riba katika kapu hilo hilo.

Neno lenyewe lilitoka Bara Hindi, na maana yake ilikuwa mfanyabiashara tu. Lakini miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, nani alilisikia hivyo? Bepari alikuwa mnyonyaji. Antonio kahukumiwa kabla hajafungua kinywa.

Angeitwa nani basi? Mchuuzi hapana; huyo ni wa rejareja. Tajiri aweza kuwa mrithi asiyeuza hata kiberiti. Mfanyabiashara ni neno refu, ila lina haki.

Siku moja mwanachuo aliniuliza: "Mwalimu, mama yangu anauza ndizi sokoni Tukuyu. Naye ni bepari?" Darasa lilicheka, yeye hakucheka. Nilimjibu kwamba mama ni mchuuzi, nikaendelea na somo upesi. Mwenye lori, anayezinunua kwa mikungu akaziuze Dar es Salaam, sikumtaja. Sikuwa na jina lake. Mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi, wengine walimpatia: mlanguzi.