Turubai Chini ya Kidole

Mchoraji wa karatasi huizungusha karatasi yake kwa mkono mmoja huku mwingine ukiendelea kuchora, wala hafikiri alifanyalo. Mchoraji wa kishikwambi hana karatasi ya kushika. Turubai yake imo nyuma ya kioo, na akitaka kuisogeza, kuikuza au kuizungusha hana budi kupitia kanuni zilizowekwa na watunga programu. Kanuni hizo zastahili kuhakikiwa kama tuhakikivyo kazi nyingine za sanaa, kwa kuwa zaweza kumsaidia mchoraji au kumfunga mikono.

Natwaa mfano wa leso, vazi ambalo msomaji wa Likoni, Kisauni au Changamwe huliona kila siku, na ambalo huuzwa kwa wingi katika Mtaa wa Biashara, ng'ambo ya kisiwani. Leso ina urefu wa kama sentimita 150 na kimo cha kama 110. Ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina chini ya mji. Kioo cha kishikwambi cha inchi 10 kina urefu wa kama sentimita 21 tu. Leso nzima ikionekana humo, imekwisha kupunguzwa mara saba, na ua la pindo lenye upana wa sentimita moja limebaki milimita moja na nusu hivi. Hapana kidole kiwezacho kuchora ua hilo. Mchoraji atalikuza, atalichora, atarudi nyuma aone kama lapatana na mji, kisha asogee kwenye ua la pili. Na maua ya pindo ni mengi. Basi kukuza na kusogeza ni nusu ya kazi yenyewe.

Tuitazame Procreate, programu ya iPad iliyotolewa mwaka 2011 na kampuni ya Savage Interactive ya Tasmania, Australia. Vidole viwili husogeza turubai, huikuza na huizungusha kwa tendo moja. Vikibanwa upesi, picha nzima hurudi machoni. Wepesi huo wastahili sifa. Lakini pindo la leso ni mistari iliyonyoka. Mtu aliyetaka kukuza tu, naye hajabadili mipangilio, huikuta turubai imeinama kidogo, asitambue. Akauchora mstari unaofuata kwa kuulinganisha na ukingo wa kioo, nao ukaenda upogo. Kuzungusha kungalingoja msokoto ulio dhahiri wa vidole, hasara hiyo isingalikuwapo.

Krita ni programu isiyolipiwa, na kwa hiyo yatuhusu zaidi. Ilizaliwa juu ya meza ya kompyuta. Humo kitufe kirefu cha nafasi husaidia kusogeza turubai, 4 na 6 huizungusha, 5 huinyosha, na M huigeuza kama kioo cha kujitazamia. Mpango mzuri sana, kwa mwenye kibodi! Mwaka 2020 ikaletwa kwa majaribio katika vishikwambi vya Android, ambavyo mara nyingi havina kibodi. Toleo la 5.1 la mwaka 2022 lilimpa mtumiaji uhuru wa kuchagua kazi ya kila mguso. Hata hivyo uhuru huo umewekwa ndani kabisa ya mipangilio, na anayeanza hafiki huko. Kwa mwanafunzi anayepokezana kishikwambi kimoja na wenzake, hali aikutayo anapofungua programu ndiyo programu yenyewe.

Mgumu zaidi ni mtihani wa asiye na kalamu. Kidole kimoja huchora, viwili husogeza. Lakini vidole viwili havitui kamwe kwa wakati mmoja. Kile cha kwanza huacha nukta katika picha, na programu isiyongoja kitambo kidogo kabla ya kutia wino huijaza leso madoa. Kiganja nacho huegemea kioo. Nimewaona walimu wanafunzi chuoni wakichora mkono juu juu, kama wenye kuchelea jiko la moto, na mistari yao ikitetemeka.

Atakaye kuipima programu na achore pembe moja ya pindo kwa kidole, aende pembe iliyo mkabala nayo, arudi. Kisha ahesabu nukta asizozikusudia, na atazame kama ukingo ungali umenyoka. Ampe na mwenzake atumiaye mkono wa kushoto, maana vitufe vilivyopangwa ukingo wa kushoto huangukia chini ya kifundo cha mkono wake.