Pete ya Homa Bay: tohara isiyohitaji uzi

Tarehe 12 Desemba 2006 utafiti wa tohara kama kinga dhidi ya VVU uliokuwa ukiendelea Kisumu ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24 walikuwa wamegawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakatahiriwa, nusu wakaombwa kungoja miaka miwili. Kati ya waliongoja, 47 walipata VVU; kati ya waliotahiriwa, 22. Kwa tofauti hiyo, haikuwa haki kumwambia mtu aendelee kungoja. Utafiti mwenzake wa Rakai, Uganda, ulikatizwa siku hiyo hiyo.

Mjadala uliofuata ulihusu zaidi mila, kwa kuwa Waluo, wenyeji wa eneo la Kisumu, hawana jando; zamani kijana wao alitambulika kwa kung'olewa meno sita ya chini. Hayo yameandikwa sana. Swali lililoachwa nyuma ni la kiufundi: ikiwa tohara inakinga, maelfu ya wanaume watatahiriwa na nani, na kila mmoja kwa dakika ngapi?

Tohara ya kawaida ya hospitalini ni upasuaji kamili, hata ukiitwa mdogo. Ganzi huchomwa kwa sindano, govi hubanwa kwa koleo na kukatwa, mishipa inayovuja damu huzibwa mmoja mmoja, kisha ngozi hushonwa kuzunguka. Kushona ndiko kunakokula muda, na ndiko kunakodhihirisha mkono mzoefu na mkono unaojifunza. Mwishoni mwa 2009, katika kampeni ya siku 30 za kazi, mkoa wa Nyanza ulitahiri wanaume zaidi ya 36,000. Kwa wingi wa namna hiyo, dakika kumi zinazookolewa kwa mtu mmoja hugeuka miezi ya kazi ya wauguzi.

Mwaka huo huo, katika hospitali ya wilaya ya Homa Bay, wanaume 40 walitahiriwa kwa kifaa kilichotoka China, ShangRing. Mvumbuzi wake, Shang Jianzhong, hakuwa daktari. Alikuwa ametahiriwa akiwa mtu mzima na hakuridhika na kazi aliyofanyiwa.

Kifaa chenyewe ni pete mbili za plastiki, moja ndani ya nyingine. Ya ndani ina bendi ya silikoni. Ya nje ina bawaba upande mmoja na kifungo cha meno upande wa pili. Mhudumu hupima uume kwa utepe maalumu, huchagua saizi, huvisha pete ya ndani, hulikunja govi juu yake, kisha hufunga pete ya nje. Ngozi inabanwa katikati na damu inakatika. Govi hukatwa kwa mkasi, na ukingo uliobaki hutiwa mikato midogo kadhaa ili gaga linapokauka lisikaze kama mshipi. Hakuna uzi. Homa Bay ilichukua wastani wa dakika 4.8 kuvisha pete na kukata, na dakika 3.9 kuivua baada ya siku saba.

Takwimu ya kwanza ndiyo inayopendwa na watangazaji wa kifaa. Kwangu ya pili ina uzito zaidi, kwa sababu inamtaka mtu arudi. Aliyeshonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka anashauriwa pia kurudi, ila asipofika, nyuzi zitayeyuka zenyewe. Aliyevaa pete anatembea na plastiki mwilini. Na katika ufuo huu wa Ziwa Viktoria, siku ya saba haina uhakika. Mvuvi wa omena hufuata giza la mwezi. Leo yuko kisiwa cha Mfangano, wiki ijayo amepiga dago kisiwa cha Remba. Nani atamvua pete huko?

Watafiti wa Homa Bay walilifanyia swali hilo jaribio, jambo ambalo watengenezaji wengi wa vifaa hulikwepa. Wanaume 50 walipangiwa kuvaa pete kwa siku 7, 14 au 21. Kwa wengi wa waliocheleweshwa, pete ilidondoka yenyewe kidonda kilipokuwa kikijifunga. Baadhi walirudi mapema kwa sababu ilikuwa imebanduka nusu na inawakera. Kuchelewa basi kunasumbua, lakini hakukuonekana kuwa hatari kubwa. Matokeo hayo ndiyo yaliyonifanya nikichukulie kifaa hiki kwa uzito.

Baadaye wanaume 400 wa Homa Bay na Lusaka waligawanywa kati ya pete na kushonwa: dakika 7 kwa pete, 20 kwa uzi. Maumivu kwa jumla yalikaribiana, na waliovaa pete walipenda zaidi mwonekano wa kovu. Faida hizo zina gharama. Kidonda cha pete hakijaunganishwa, hujijaza chenyewe kutoka chini, kwa hiyo kupona kunaweza kuchukua muda zaidi. Uume kusimama usiku huku umevishwa plastiki ngumu nako si mchezo.

Ilikuwapo pia PrePex ya Israel, iliyopata idhini ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2013, miaka miwili kabla ya ShangRing. Ilivutia kwa sababu haikuhitaji ganzi ya sindano wala kukata: mpira ulibana govi mpaka likafa, likaondolewa baada ya wiki. Lakini nyama iliyokufa ikikaa mwilini wiki nzima hunuka, na tena ni makao mazuri ya bakteria wa pepopunda. Visa vya ugonjwa huo vilipojitokeza, hasa Uganda, shirika hilo lilitaka mtu achanjwe kwanza ndipo avishwe. Chanjo hiyo ilimaanisha kufika kliniki mara zaidi kabla ya kuvishwa, na urahisi ukayeyuka. ShangRing huondoa govi pale pale.

Kikwazo kilichobaki kwa ShangRing ni sindano ya ganzi, ambayo wengi huiogopa kuliko mkasi. Homa Bay ilishiriki tena kujaribu krimu ya ganzi inayopakwa badala yake. Inafaa, ila hungojwa kabla haijafanya kazi, na kusubiri huko kunaingia katika zile dakika tulizodhani tumeziokoa.

Kliniki inayotumia pete bado inahitaji kuwa karibu na mtu anayejua kushona. Saizi ikikosewa au pete ikiteleza baada ya govi kukatwa, jeraha liko wazi na damu inatoka, na hapo hutafutwa koleo, uzi na tabibu.